Kipupwe chetu cha mwisho tukiwa watatu

Mimba ya kwanza watu hukuuliza unajisikiaje. Mimba ya pili hukuuliza yule mkubwa utamwacha na nani.

Swali hilo nimeulizwa sokoni, kazini, kliniki na ndani ya daladala. Ni swali la maana, na jibu lake ninalo, nitalieleza huko mbele. Lakini lina tabia moja: linatufanya sote tuangalie siku moja tu, ile ya kwenda kujifungua, kana kwamba wiki zote zilizobaki ni foleni ya kuifikia.

Nimebakiza wiki sita. Makadirio ya kujifungua yanaangukia karibu na Nane Nane. Tunaishi Iringa mjini, na mwishoni mwa Juni baridi ya hapa haina mzaha. Asubuhi watoto wanatoka nje wamevaa sweta juu ya sweta, vikombe vya uji vinafuka mvuke, na kila penye uwazi mtaani pameanikwa mahindi juu ya maturubai. Ni msimu wa mavuno, ni likizo ya shule, na nyumbani kwetu ni wiki za mwisho za familia ya watu watatu: baba, mama na binti wa miaka minne.

Nimeamua kuziishi wiki hizi. Si uamuzi mwepesi kama unavyosikika, na sababu yake iko kwenye mimba ya kwanza.

Namba nilizozikariri

Mimba ile ilikwenda vizuri hadi wiki ya 35. Siku ya kliniki niliamka kichwa kinauma, nikadhani ni uchovu. Muuguzi alinipima presha mara mbili, akamwita mwenzake, wakapima mara ya tatu: 160 kwa 110. Mkojo ulikuwa na protini. Sikurudi nyumbani. Binti yetu alizaliwa siku nne baadaye akiwa na kilo 2.1, nami nikabaki wodini zaidi ya wiki nzima.

Tulitoka salama wote wawili, na wahudumu wale nawaombea hadi leo. Ila ukiniuliza mwezi ule wa mwisho ulikuwaje, ninachokumbuka ni namba: presha ya asubuhi, presha ya jioni, gramu alizoongezeka mtoto. Sikumbuki nyumbani tulikuwa tunakula nini. Sikumbuki mume wangu alikuwa ananichekesha kwa lipi.

Kwa mzazi mwenzangu ambaye hajawahi kukutana nayo: presha ya mimba huanza baada ya wiki ya 20. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, inahitaji kuangaliwa kwa makini. Ikiambatana na protini kwenye mkojo au na dalili za viungo vingine kuathirika, hali ni nzito zaidi, na isipodhibitiwa inaweza kufikia degedege, yaani kifafa cha mimba. Mwanamke aliyewahi kuipata ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata tena kuliko ambaye hakuwahi.

Hayo nayajua kwa sababu kuyaandika ni kazi yangu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulionyesha kuwa vifo vitokanavyo na uzazi Tanzania ni 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 kwenye utafiti wa 2015/16. Ni hatua kubwa, na nilipoiandika niliifurahia. Nikiisoma sasa, mkono ukiwa juu ya tumbo, macho yangu hayakai kwenye zile 556 zilizopungua. Yanakaa kwenye zile 104.

Basi safari hii tulianza mapema. Kabla ya wiki ya 20 daktari alinianzishia aspirini ya dozi ndogo pamoja na vidonge vya madini ya chokaa. (Tafadhali usijiandikie mwenyewe, ni dawa ya wenye sababu maalumu, kwa maelekezo ya daktari.) Kliniki sijaruka hata moja. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2016 lilipandisha idadi ya mahudhurio yanayopendekezwa kutoka manne hadi manane, na mengi kati ya hayo yamewekwa mwishoni: wiki ya 30, 34, 36, 38 na 40. Ndiyo kipindi ambacho wengi wetu tunaona tumeshazoea na tunaanza kukacha.

Nyumbani tuna kipimo cha presha. Tunapima mara moja, asubuhi, kabla ya chai. Binti yangu ndiye msaidizi: ananifunga kitambaa mkononi, ananiamuru, “Mama, tulia,” kisha anasubiri mashine ilie. Naandika namba kwenye daftari, kipimo kinarudi kabatini, mlango wa kabati unafungwa.

Kufunga ule mlango ndiko kulikonichukua muda kujifunza. Mwanzoni nilikuwa napima mara tano kwa siku, na kila nikipima nahofia, na nikihofia inapanda. Muuguzi wa kliniki alinisikiliza akasema, “Mama, mara moja inatosha. Ukiona dalili, usipime, njoo.” Dalili hizo nimezibandika nyuma ya mlango wa jikoni: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo, uso na mikono kuvimba, kutokwa damu, chupa kupasuka, homa kali, mtoto kupunguza kucheza. Mume wangu anazijua kwa moyo. Zikiwa zimebandikwa pale, mimi sina haja ya kuzibeba kichwani siku nzima.

Mahindi jioni

Hofu ilipopata saa yake, saa nyingine zikabaki wazi. Tunafanya nini nazo? Mambo ya kawaida tu.

Mama mkwe ametuletea magunia matatu ya mahindi kutoka shambani kwao Kilolo. Jioni tunatandika turubai sebuleni tunapukuchua kwa mikono, taratibu, bila haraka ya kumaliza. Mimi nakaa kwenye kigoda na mto mgongoni. Binti yangu anashindana na bibi yake, na bibi anajua kushindwa kwa heshima. Magunzi tunayaweka kwenye kiroba ya kuwashia moto. Wakati huo makande yako jikoni yanatokota, na nyumba nzima inanukia maharage.

Hapo katikati ya mahindi ndipo ninaposikia habari ambazo sikuwa nimewahi kuzisikia: jinsi mume wangu alivyozaliwa njiani, mama yake akiwa anatoka kuvuna, mwaka ambao baridi iliunguza viazi. Nimeolewa ukoo huu miaka sita. Ilibidi niwe mzito wa kutotoka nyumbani ndipo nipate kusimuliwa.

Kuhusu chakula, niseme jambo moja kwa wenzangu wa nyanda hizi. Ghala kujaa hakumaanishi sahani imekamilika. Mkoa wetu wa Iringa unalisha wengi, lakini utafiti ule wa 2022 ulionyesha zaidi ya nusu ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Udumavu huanza kujengeka tangu tumboni. Kwa hiyo ugali wetu tunausindikiza: maharage, majani ya maboga, dagaa, yai ikiwezekana, na chungwa au ndimu, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na nafaka.

Chai nimeihamisha. Kwa baridi hii ni mtihani, lakini majani ya chai huzuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo siinywi pamoja na chakula wala na vidonge vya kuongeza damu. Nasubiri saa moja au mbili. Mama mkwe aliposikia alicheka, akasema wao walikunywa chai na ugali na watoto walizaliwa. Kesho yake nilikuta ameninyima kikombe mwenyewe mezani. “Si umesema baadaye? Haya, baadaye.”

Jambo la pili ni jiko la mkaa. Wengi huku huliingiza chumbani usiku ili kupasha joto, wakafunga mlango na madirisha. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Inaua watu wazima usingizini, na kwa mtoto aliye tumboni hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa damu yake huishika gesi hiyo kwa nguvu kuliko ya mama. Sisi jiko linabaki nje barazani. Ndani tunategemea blanketi, soksi na kulala karibu karibu. Nalala ubavu, kama inavyoshauriwa kuanzia wiki ya 28, mto mmoja mgongoni, na mgongo wa binti yangu ukiwa umeegemea tumbo. Mdogo wake akipiga teke linampata yeye. Asubuhi anakuja na mashitaka.

“Babu alienda hospitali”

Sasa nirudi kwenye lile swali la nani atakaa na mkubwa.

Binti yetu alipokea habari za mtoto kwa furaha. Kila asubuhi huinama tumboni anasalimia kwa Kihehe, “Kamwene,” kama anavyowasikia majirani. Ametangaza kuwa mtoto akitoka lazima amwamkie shikamoo, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Tukadhani kazi imekwisha.

Kisha akaanza kuamka usiku. Mara tatu, mara nne, anakuja kuangalia kama nipo. Ilichukua siku kadhaa kujua chanzo. Mtu mzima mmoja mtaani, kwa utani tu, alimwambia, “Haya, nafasi yako imechukuliwa, wewe sasa unahamia kwa bibi.” Ni utani ambao sote tumeusikia na wengi tumeutoa. Kwa mtoto wa miaka minne si utani. Ana binamu yake ambaye kweli alipelekwa kwa bibi mdogo wake alipozaliwa, na hajarudi.

Jioni moja, tukipukuchua, akauliza bila kuniangalia: “Mtoto akija, mimi nalala wapi?”

Nikamwonyesha kitanda chake. Nikamwambia bibi ndiye atakayekuja hapa, atalala chumba chako, asubuhi atakupa uji kwenye kikombe chako kile kile. Akaenda kukiangalia kikombe, akarudi.

Nikamwambia na jambo lingine. Hapa mtaani hakuna anayeniita jina nililopewa na wazazi wangu. Naitwa mama wa yeye. Baba yake naye anaitwa baba wa yeye. Mdogo wake atazaliwa, hata wakija wengine, bado tutaitwa kwa jina lake. Hilo hakuna wa kulichukua. Alifikiri kidogo akauliza, “Hata akilia?” Nikamwambia hata akilia.

Nilidhani hapo tumemaliza. Akashika hindi lingine, akapukuchua punje mbili tatu, akasema: “Babu alienda hospitali, hakurudi.”

Ni kweli. Baba yangu mzazi alifariki mwaka jana, na alipoondoka nyumbani kwa gari alimpungia mkono mjukuu wake akimwambia anakwenda hospitali kidogo.

Mama mkwe akaacha kupukuchua. Mimi nikatafuta maneno. Nina vitabu, nina namba za simu za madaktari, nimewahi kuandika makala kuhusu namna ya kuzungumza na watoto kuhusu ugonjwa. Sikutaka kumdanganya, na sikutaka kumpa ile 104 aibebe.

Nikamwambia: “Babu alikuwa mgonjwa sana. Mimi si mgonjwa, nina mtoto tumboni. Naenda hospitali kwa sababu pale wapo watu wanaojua kazi ya kutoa mtoto, na mashine yao ya presha ni kubwa kuliko yetu. Naenda ili nirudi. Mtoto akitoka, wewe ndiye wa kwanza kupigiwa simu.”

“Kabla ya baba?”

“Baba atakuwa na mimi pale.”

Akaridhika na hilo zaidi ya mengine yote.

Tangu siku hiyo tunafanya mazoezi. Wiki iliyopita nililala nyumba ya pili kwa jirani usiku mmoja, bibi akabaki naye. Asubuhi nilipoingia alinitazama, akaendelea kunywa uji. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi; nikapata salamu fupi na taarifa kwamba bibi anakoroma.

Kama una mtoto mdogo na unatarajia mwingine, ushauri wangu ni huo mmoja. Mweleze kitakachotokea kwake yeye: atalala wapi, nani atampikia, nani atampeleka shule, utarudi lini kama mambo yakienda sawa. Habari za “utakuwa dada mkubwa” ni nzuri, lakini hazimwambii uji wake unatoka wapi. Na waombe watu wazima wanaokuzunguka waache ule utani.

Simu tumboni

Mume wangu anafanya kazi kiwanda cha mbao Mafinga, kilomita kama 80 kutoka hapa. Anaondoka Jumapili jioni, anarudi Ijumaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 na baba siku 3. Siku tatu zinaisha kabla kitovu cha mtoto hakijakauka, kwa hiyo hajaigusa likizo yake ya mwaka. Ameiweka yote kwa ajili ya Agosti.

Dharura ikitokea katikati ya wiki, mpango uko kwenye karatasi chini ya zile dalili: dereva wa bajaji anayelala mtaa wetu na wa pili kama huyo hapatikani, jirani wa kunisindikiza, ndugu wawili wa kutoa damu, fedha iliyotengwa, begi lenye kanga, nguo za mtoto na kadi ya kliniki. Kuuandika kulituchukua nusu saa. Uliniondolea mawazo ya wiki nzima.

Jioni anapiga simu. Binti yangu anaiweka sauti kubwa na kuilaza juu ya tumbo, na baba anaanza: “Paukwa!” Tunaitikia, “Pakawa!” Sungura na fisi wale wale, hila zile zile. Nilikuwa nachukulia ni mchezo wa kumtuliza mkubwa. Lakini sayansi ina neno hapa: katika miezi ya mwisho mtoto tumboni anasikia, na sauti anayoisikia kuliko zote ni ya mama yake. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na Melanie Spence, waliwaomba wajawazito wasome kwa sauti hadithi moja kila siku katika wiki sita za mwisho. Watoto walipozaliwa walipewa chuchu ya bandia ambayo namna ya kuinyonya ndiyo ilichagua hadithi ya kuchezwa. Walionyesha kuipenda zaidi ile waliyoisikia tumboni.

Wiki sita za mwisho. Ndizo hizi nilizo nazo. Kwa hiyo simu ikikatika, na mtandao wa Mafinga hukatika, hadithi naimalizia mimi. Binti yangu ananisahihisha nikiruka mahali.

Jumapili iliyopita tulikwenda Gangilonga, lile jiwe kubwa ambalo jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea. Baba na mwana walipanda. Mimi nilibaki chini kwenye jua na kitenge mabegani. Waliposhuka, binti yangu aliegemeza sikio kwenye mwamba kwa muda, kisha akaja kuliegemeza tumboni. Akatoa hukumu kuwa jiwe limelala lakini mtoto yuko macho. Tukala mahindi ya kuchoma, tukarudi nyumbani mapema kabla upepo haujaanza.

Sijui Agosti itakuja na nini. Hakuna mjamzito anayejua, awe amesoma au hakusoma. Ila safari hii, mtu akiniuliza mwezi wa mwisho ulikuwaje, nitakuwa na la kumjibu: tulipukuchua magunia matatu, bibi alikoroma, fisi alidanganywa kila siku.

Jumatatu nina kliniki ya wiki ya 34. Kabla ya hapo ipo Ijumaa, baba anarudi, na gunia la tatu bado liko nusu.